Mbwa Mgeni Anayekojoa kwa Hofu: Tumpokeeje Nyumbani?

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo kumtafuta Daktari Livingstone, alikuwa na mbwa mlinzi aliyeitwa Omar. Mbwa huyo hakujaliwa kufika Unyanyembe. Alikufa njiani walipokaribia Ugogo, na Stanley aliandika kwamba uangalifu wake ungemfaa sana katika nchi iliyokuwa mbele yao. Katika njia ile ndefu ya misafara, mbwa mlinzi alikuwa na thamani kubwa.

Hata leo wakazi wengi wa kata zetu humchukua mbwa kwa haja hiyohiyo: alinde nyumba, kuku, mbuzi na mavuno. Kwa hiyo huvunjika moyo pale mbwa waliyemleta kwa matumaini anapomwona mwenye nyumba na, badala ya kubweka, hujikunyata, hulaza masikio, hukunja mkia katikati ya miguu na kukojoa papo hapo. Makala haya yanaeleza sababu ya jambo hilo na namna ya kulitatua.

Si dharau, ni kuomba amani

Mtoto wa mbwa huzaliwa hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama yake humlamba tumbo ili mkojo utoke. Akikua kidogo, hujifunza kujilaza chali mbele ya mbwa mkubwa na pengine kuachia mkojo kidogo, kana kwamba anasema: "Mimi ni mdogo kwako, usinidhuru." Hiyo ndiyo lugha anayokuja nayo nyumbani kwako. Anapokojoa miguuni pako hakudharau. Anakuomba amani kwa njia pekee aijuayo, na mara nyingi hana uwezo wa kuuzuia mkojo huo.

Hapo ndipo kosa letu kubwa linapoanza. Ukimpiga au kumfokea mbwa aliyekojoa kwa hofu, unamwongezea hofu, naye ataomba amani zaidi kwa kukojoa zaidi.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hayo kwa gharama. Alipewa jike la miaka miwili na familia iliyokuwa ikihama. Kila jioni alipofungua geti, jike lile lililowanisha kizingiti, naye akalikemea kwa sauti kubwa. Baada ya wiki mbili lilikuwa likikojoa kwa kusikia tu mlio wa pikipiki. Jirani akashauri likatupwe mbali, ng'ambo ya reli. Haikubaki ila siku moja litupwe, ndipo mtaalamu wa mifugo alipouliza swali moja tu: "Ukifika nyumbani, wewe hufanya nini?"

Hatua za kufuata

Kwanza, punguza ukubwa wako. Mtu anayemwinamia mbwa, kumkazia macho na kumshika kichwani huonekana kwake kama adui. Simama ubavu, chuchumaa, tazama pembeni, na umwache aje mwenyewe. Akifika, mguse kifuani au chini ya kidevu.

Pili, usimsalimu mara uingiapo. Pita kimya, weka mizigo yako, subiri dakika chache hadi atulie, kisha mwite kwa sauti ya chini. Mwambie kila mtu wa nyumbani afanye hivyohivyo.

Tatu, mkutanie nje, penye udongo, na umpe nafasi ya kujisaidia kwanza. Jambo hili lina uzito wa pekee katika kaya za Waislamu, ambako mkojo wa mbwa ni najisi na nguo iliyoingia mkojo huo haifai kwa swala mpaka itoharishwe. Banda lililo mbali na mlango na baraza humpa mbwa utulivu, na huwapa watu wa nyumbani amani ya ibada yao.

Nne, akikojoa usiseme neno. Ondoka polepole, kisha safisha akiwa hayupo. Sakafu ya saruji ioshwe kwa maji na sabuni, halafu ipanguswe kwa siki iliyochanganywa na maji ili harufu isibaki. Penye udongo, chota ule uliolowa na uweke mwingine.

Tano, mpe kazi anayoiweza. Mfundishe kukaa kwa neno moja, na kila akitii mpe tonge dogo la ugali au dagaa mmoja wa Kigoma asiye na chumvi. Mbwa anayejua la kufanya hupungukiwa na hofu.

Sita, watoto wamkaribie mmoja mmoja, wakiwa wameketi na mtu mzima yupo. Wasimkimbize, wala wasimbane pembeni. Mbwa mwenye hofu akikosa pa kukimbilia huweza kung'ata.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa mgeni, siku ya tatu ni mapema mno. Huhitaji wiki kadhaa, pengine miezi, hasa kama alikotoka alizoea fimbo. Walio wadogo wengi huacha tabia hii wenyewe wanapokaribia mwaka mmoja, mradi hawatishwi.

Lini umwone mtaalamu

Si kila mkojo ni wa hofu. Mbwa akivuja mkojo usingizini, akijikamua kwa maumivu, akitoa mkojo wenye damu au akinywa maji kupita kiasi, huenda ni mgonjwa. Mpeleke kwa afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo.

Kwa nini jambo hili ni la sote

Mbwa anayetupwa kwa sababu ya kukojoa hageuki hewa. Huzurura masokoni na majalalani bila chanjo na bila bwana. Hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaong'atwa zaidi. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa mtu, kifo karibu hakikwepeki. Hivyo uvumilivu wa kaya moja ni kinga kwa mtaa mzima. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Unapopokea mbwa, dai cheti chake cha chanjo. Kama hakipo, achanjwe akiwa ametimiza miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo bila kusubiri dalili.

Kuhusu jike lile la getini: mwandishi aliacha kelele, akawa anaingia kimya na kuchuchumaa ubavu. Mwezi wa pili kizingiti kilikuwa kikavu. Siku hizi husikia mlio wa pikipiki na kuja likitikisa mkia, na mgeni akigonga usiku, hubweka.

Kwa ushauri zaidi, fika ofisi ya kata yako uonane na afisa mifugo.