*Kuli* kaniliza ukubwani

*Shangazi, mimi ni baba wa watoto wanne, mchukuzi bandarini Mkoani. Binti yangu kaazima maktaba ya skuli kwao riwaya ya* Kuli *ya Shafi Adam Shafi. Mimi nilisomeshwa hiyo zamani nikaichukia kama deni. Safari hii nimeisoma baada ya isha mpaka nikaimaliza, na kila nikifika kwa mama yake Rashidi, yule kijana wa riwaya, machozi yananitoka. Mke wangu ananicheka. Wenzangu washaniita "Mwalimu". Mtu mzima kulilia hadithi si utoto? Na shida za makuli nizisome za nini, nami nabeba magunia kila siku?*
*Mchukuzi, Mkoani*

Mwanangu, skuli ulikisomea mtihani kitabu hicho. Ukatafuta dhamira na wahusika, ukavimimina kwenye karatasi, yakaisha. Kijana ambaye mzigo wake mzito ni ndoo ya maji atalijuaje bega la kuli? Wewe leo unajua makonyo ya karafuu yanavyopenya gunia yakakuchoma shingo kabla hujafika melini. Lia, hapana atakayekudai.

Halafu mgomo uliomo humo haukubuniwa. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma kweli. Walianza Agosti, na mgomo ukaenea mjini. Shafi wakati huo alikuwa bado mtoto, na riwaya yake ikatoka 1979. Wazee waliouona wanazidi kupungua. Kama unaye jirani wa umri huo, kamuulize upesi.

Ila nina lawama. Barua nzima unamlilia mama yake Rashidi, Faraji humtaji hata mara moja! Ndiye anayemfungua macho Rashidi. Matumaini ya kitabu hiki yanaanzia pale watu waliochoka wanapokaa wakaulizana kwa nini malipo ni haba. Shafi ana pahala anahubiri mno, hilo namwambia wazi, lakini hapo kapatia. Kwa hiyo usiniulize kwa nini mbeba magunia asome habari za wabeba magunia. Nani mwengine zimhusu zaidi?

Mkeo naye dawa yake ndogo. Msimu ukifika, mkikaa usiku kuchambua karafuu, soma sura moja kwa sauti. (Zamu yako ya kuchambua iko pale pale, tunakujueni nyinyi wanaume.) Mkifika kwa mama yake Rashidi tutaona nani atamcheka nani. Bandarini nako, jina la Mwalimu likubali. Meli ikichelewa, wasomee kurasa mbili uache patamu. Kesho watakuuliza wenyewe.

Kitabu ni cha maktaba ya skuli, mrudishie binti. Wewe tafuta *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1976. Humo utakutana na Sulubu, mkulima fukara, na habari ya ardhi ambayo hapo Pemba sina haja ya kukueleza uchungu wake. Hiyo usiianze usiku kama alfajiri una meli ya kupakua.