Kamera na Lenzi kwa Mwenye Fedha Kidogo

Katika toleo hili nataka kuwaeleza wasomaji, wanafunzi na wazee waliotutangulia shuleni, jinsi ya kuchagua kamera ya dijitali ya aina ya SLR pamoja na lenzi zake, ikiwa fedha ni chache. Somo hili sikulipata darasani. Nililipata nyumbani kwetu Nakivale na katika maduka ya Mbarara, ambako wakati wa likizo mimi na wenzangu saba tulikwenda kununua kamera kwa akiba yetu ya pamoja.

Kwanza yafaa nieleze kwa nini vijana wanane wa makazi ya wakimbizi walitaka kamera kuliko kitu kingine. Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na sasa wengi wetu tukikutana sokoni lugha yetu ni Kiswahili. Mtu anayekimbia usiku huchukua mtoto, sufuria, na karatasi chache akiziona. Picha hubaki ukutani. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za kwetu hakuna hata picha moja ya babu au bibi, na wazee hao wanazidi kupungua kila mwaka. Mzee akifa kabla hajapigwa picha, wajukuu hawatamjua sura yake tena. Kazi tuliyoitaka ni hiyo: kupiga picha za wazee majumbani mwao, kuzichapa, na kumpa kila mmoja yake. Gharama za kuchapa tungezipata kwa kupiga picha za harusi na ubatizo.

Kila mmoja wetu aliweka shilingi 12,500 kwa mwezi kwa muda wa miezi kumi, fedha za kuvuna maharage, kubeba matofali na kuuza mboga. Tukapata shilingi 1,000,000 za Uganda. Kwa mwenye duka la kamera hizo si nyingi. Kwetu zilikuwa jasho la watu wanane, na kama zingepotea tusingeweza kuzikusanya tena upesi.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Kamera ya SLR ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mwili wake, ambao wauzaji huuita bodi. Ndani ya bodi mna kioo kinachoipeleka taswira kwenye jicho la mpiga picha, tena mna pazia dogo liitwalo shata, ambalo hufunguka kwa nukta ya wakati na kufunga. Nyuma ya pazia hilo kuna kibao cha kupokea mwanga, badala ya filamu ya zamani. Sehemu ya pili ni lenzi, ambayo huweza kutolewa na kubadilishwa. Watu wengi huuliza habari za bodi tu: ina megapikseli ngapi? Lenzi hawaiulizi. Lakini mwanga hupita kwanza katika lenzi, na bodi haiwezi kutengeneza kilichoharibika mlangoni.

Tufanye hesabu ya megapikseli. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 huchapwa vizuri kwa nukta 300 katika kila inchi. Basi upande mmoja una nukta 1,200 na wa pili 1,800, na jumla yake ni 2,160,000, yaani megapikseli mbili na kidogo. Ukitaka picha kubwa kama karatasi ya A4, megapikseli tisa zatosha. Canon EOS 1100D, iliyotoka mwaka 2011, ina megapikseli 12. Nikon D3100 ya mwaka 2010 ina 14. Kamera hizo ni za zamani, lakini kwa picha ya kutundika ukutani zimetosha na kusaza. Anayeongeza fedha ili apate megapikseli 24 ananunua nukta ambazo karatasi yake haitazionyesha.

Bahati yetu sisi wenye fedha kidogo ni kwamba mwaka 2018 Canon na Nikon zilitoa aina mpya za kamera za gharama zisizo na kioo ndani, na wapiga picha wengi matajiri wakahamia huko. Kamera zao za kioo zikaingia sokoni kama mitumba, nyingine zikiwa nzima kabisa. Hatuna haja ya kuona haya kutumia chombo kilichotumiwa na mwingine. Katika nchi hii ya Ankole, Musa Katuramu alipiga picha za watu wa Mbarara na vijiji vya jirani tangu miaka ya 1930, kwa vyombo ambavyo leo twaweza kuvicheka. Hata hivyo picha zake zingali zinatazamwa mpaka sasa.

Natuitazame lenzi. Bodi nyingi huuzwa pamoja na lenzi ya kuvuta ya milimita 18 mpaka 55. Ni lenzi nyepesi na ya manufaa, ila ina kasoro moja: ukiivuta hadi mwisho, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Namba hizi huwachanganya wanaoanza, maana namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Lenzi isiyovuta ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu kubwa zaidi. Ili kujua ni kubwa kwa kiasi gani, gawanya 5.6 kwa 1.8 upate 3.1, kisha zidisha jibu hilo kwa lenyewe, upate 9.6 au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba lenzi hiyo huingiza mwanga karibu mara kumi.

Hesabu hii ina maana gani katika nyumba ya Nakivale? Nyumba nyingi zina dirisha moja dogo, na pengine mlango ndio taa ya mchana. Tuseme kwamba ndani ya chumba kama hicho lenzi ya f/5.6 inahitaji pazia liwe wazi kwa sehemu ya 8 ya sekunde. Katika muda huo mkono wa mpiga picha hutikisika, na mzee naye hupumua na kupepesa macho, picha ikatoka na ukungu. Lenzi ya f/1.8 itahitaji sehemu ya 80 tu. Wapiga picha wana kanuni kwamba, ukishika kamera ndogo ya Canon mkononi, uzidishe milimita za lenzi kwa 1.6, na kasi ya pazia isiwe chini ya jibu hilo. Hamsini mara 1.6 ni 80. Kwa hiyo lenzi hiyo yatupa kasi ile ile tunayoihitaji. Ukiongeza kidogo ile namba ya ISO, ambayo huongeza wepesi wa kamera kuona gizani, utapata nafasi zaidi, ijapokuwa ukizidisha mno picha hujaa chembechembe.

Mtu aweza kusema, "Si kuna fleshi?" Ndiyo, ipo juu ya kamera, lakini humulika uso moja kwa moja, ukang'aa kama bati, na kivuli cheusi kikasimama ukutani nyuma ya mtu. Mwanga wa mlangoni huonyesha mikunjo ya uso kwa upole. Mwingine atauliza kwa nini tusitumie simu. Simu nzuri yaweza kupiga picha nzuri, wala siidharau. Lakini simu yenye uwezo huo ni ghali, tena ni ya mtu mmoja, ambaye atakwenda nayo atokako. Kamera yaweza kuwa mali ya kikundi.

Hata hivyo lenzi ya milimita 50 haifai kwa kila kazi. Ukisimama mita 2 mbele ya mtu, upana wa picha ni sentimita 89 hivi, yaani kichwa na mabega. Jamaa ya watu sita haitaenea. Kwa kazi hiyo tumia lenzi ya kuvuta ikiwa kwenye 18: ukisimama mita 3 utapata upana wa mita 3.7. Watoe watu nje, chini ya kivuli cha mti, na mwanga utatosha. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba lenzi ikifunguliwa hadi f/1.8 huona vizuri umbali mmoja tu. Elekeza fokasi kwenye jicho la karibu, maana ukielekeza kwenye pua, macho yatafifia.

Sasa nitaje mtego mmoja unaowanasa wengi. Lenzi zote za Canon za aina ya EF, zilizoanza mwaka 1987, na zile za EF-S, zina mota yao ya fokasi ndani, na zote mbili huingia katika bodi kama 1100D. Kwa Nikon mambo ni tofauti. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D hutegemea mota iliyomo ndani ya bodi. Bodi za D90 na D7000 zina mota hiyo. D3100, D3200 na ndugu zao hazina. Ukiweka lenzi ya 50 f/1.8D katika D3100 itaingia bila taabu na picha utapiga, lakini fokasi itakubidi uizungushe kwa mkono. Mwenye D3100 atafute lenzi zilizoandikwa AF-S. Ile ya milimita 35 f/1.8G ni nzuri sana kwa majumba madogo.

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Muuzaji akikusukuma ununue upesi, ndipo uzidi kuchunguza. Sisi tulifuata utaratibu huu:

1. Piga picha ya anga kwa f/22, kisha uikuze. Madoa meusi yanayokaa mahali pamoja katika kila picha ni vumbi au mikwaruzo juu ya kibao cha mwanga. Vumbi husafishika, mkwaruzo hausafishiki.

2. Toa lenzi, uimulike kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hula kioo. Iache.

3. Piga picha kwa kasi zote, za polepole na za haraka, ukisikiliza pazia. Uliza pia limefunguka mara ngapi. Nikon D3100 ilijaribiwa kwa mara 100,000. Katika kamera nyingi za Nikon hesabu hiyo imeandikwa ndani ya faili ya picha. Canon nyingi huhitaji programu maalum.

4. Jaribu fokasi kwa kitu cha karibu na cha mbali, na ubonyeze kila kitufe.

5. Dai risiti yenye jina la muuzaji na namba ya kamera. Kitu cha wizi kina kesi, na mkimbizi hana haja ya kuongeza kesi juu ya shida zake.

Tulizunguka Mbarara siku nzima. Katika duka moja tulionyeshwa kamera mpya inayong'aa, bei yake shilingi 980,000 pamoja na lenzi ya kuvuta. Wawili kati yetu waliitaka sana, na tukabishana barabarani. Nikawauliza, "Tukiinunua hii, ndani ya nyumba ya mzee tutafanyaje?" Tukarudia hesabu ya 5.6 na 1.8 juu ya karatasi, na mabishano yakaisha. Mwishowe tulinunua 1100D ya mtumba pamoja na lenzi yake ya kuvuta kwa shilingi 550,000, na lenzi ya 50 f/1.8, nayo imetumika, kwa 250,000. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa 40,000, betri ya pili 60,000, na nauli za teksi na bodaboda 50,000. Zikabaki 50,000 za kuanzia kuchapa. Betri ya pili si anasa: kwetu wengi huchaji kwa nguvu ya jua, na siku ya mawingu harusi haingoji. Tena betri ya 1100D ndiyo hiyo hiyo ya 1200D, 1300D, 2000D na 4000D, kwa hiyo kuipata si vigumu.

Kamera tunaihifadhi katika kopo lenye kifuniko, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, kwa sababu ya kuvu. Kabla ya kuanza kazi tuliomba ruhusa kwa wakuu wa makazi, na kila mzee humwomba mwenyewe ridhaa yake. Wako wanaokataa, maana wana sababu za kuogopa kujulikana walipo. Hao hatuwabembelezi.

Mpaka nilipoondoka kurudi shuleni tulikuwa tumewapiga picha wazee 31. Bibi mmoja wa Rubondo alipopewa yake aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe nimefanana na mama yangu." Picha ya mama yake ilibaki Kongo. Picha ile ilipigwa karibu na mlango, saa nne asubuhi, bila fleshi, kwa lenzi ya 50 ikiwa wazi hadi f/1.8.

Basi, ndugu zangu, atakayetaka kununua kamera aanze kwa kujiuliza: nitampiga picha nani, akiwa wapi, katika mwanga gani, na picha itachapwa kwa ukubwa gani? Akishajibu hayo manne, anunue kwanza lenzi inayofaa kwa mwanga huo, na fedha zitakazobaki zitafute bodi nzima ya kuivalisha. Bodi itachakaa siku moja, naye ataibadilisha. Lenzi akiitunza itamfaa na bodi ya pili, hata ya tatu.