Kuku Wako Wakati wa Baridi

Ni mwezi wa Juni. Mahindi yamekauka shambani. Mufindi kuna ukungu, na kule Kitulo umande umeganda juu ya majani. Unafungua mlango wa banda. Kuku waliokuwa wakitoka mbio sasa wanatoka mmoja mmoja, polepole. Mtetea mwekundu alikuwa akitaga vizuri mwezi wa Machi. Sasa hatagi. Shingo yake imebaki wazi, na manyoya yake yametapakaa chini. Amepatwa na nini?

Ndugu msomaji, swali hili si dogo. Katika vijiji vyetu vya Mbeya na Iringa, kuku ni akiba. Mtoto akitaka daftari, anauzwa kuku. Mgonjwa akitaka nauli ya kwenda hospitali, anauzwa kuku. Kwa hiyo kosa moja bandani linaingia mpaka ndani ya nyumba.

Makosa yenyewe ni mawili. Mtu mmoja huona manyoya yamedondoka, huogopa ugonjwa, na huuza kuku wote kwa bei ya kutupa. Mwingine huona kuku wamejikunyata, husema, "Hii ni baridi tu." Baada ya wiki moja au mbili hana kuku hata mmoja.

Tuanze na yule mtetea mwekundu. Kuku mkubwa hubadilisha manyoya yake, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Manyoya ya zamani hudondoka, kwanza ya kichwa na shingo, kisha ya kifua, mgongo, mabawa na mkia. Mapya huota mahali pake. Kazi hiyo huweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Manyoya hujengwa kwa chakula kile kile cha kujenga mwili ambacho hutengeneza yai. Kuku hawezi kufanya kazi zote mbili vizuri kwa wakati mmoja, basi huacha kutaga. Kilemba chake hupauka na kusinyaa. Huyo si mgonjwa, wala si mvivu. Yuko kazini.

Lakini nani amemwambia kwamba wakati umefika? Jambo moja ni mwanga. Mwezi wa Desemba, mchana wa Mbeya huwa mrefu kwa muda wa kama saa moja kuliko mchana wa Juni. Sisi hatuoni sana tofauti hiyo. Mwili wa kuku huiona. Mchana ukirefuka, mwili wake huelekea kutaga. Ukifupika, huelekea kupumzika. Ndege hufuata sana mwanga. Tarehe 1 Septemba 2016 watu wengi walikwenda Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama kupatwa kwa jua. Karibu na saa sita mchana jua lilibaki kama pete, na mwanga ukapungua. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba jua likifunikwa kabisa mchana, kuku hurudi kulala. Hawana saa ya mkononi!

Jambo la pili ni chakula. Wakati wa mvua kuna wadudu na majani mabichi. Wakati wa kiangazi cha baridi wadudu huadimika, na mwili wa kuku hutumia chakula kingi kujipasha moto. Ndiyo maana kumpa pumba tupu hakutoshi. Ongeza mashudu ya alizeti, au vumbi la dagaa, au mchwa. Mchwa ni bure. Chukua chungu kikuukuu, kijaze majani makavu yenye unyevu pamoja na samadi kidogo, kifunike juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi kifunue na uwamwagie kuku.

Usimwatamishe kuku mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni kama unaweza kungoja. Mayai huanguliwa kwa siku 21, na vifaranga watatoka baridi ikiwa kali. Wengi watakufa. Banda nalo lizibwe upande unaotoka upepo, lakini hewa ipite juu. Sakafu iwe kavu. Jambo hili la ukavu lina uzito zaidi kwa ndugu zetu wa Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Iringa mjini haifiki 800.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, mara nyingi hupiga vijijini katika miezi ya kiangazi. Yaani hupiga wakati ule ule ambao kuku wana sababu nyingine za kubadilika. Hapo ndipo watu hudanganyika.

Fanya hivi. Ukiwaona wamejikunyata alfajiri, usiamue bado. Ngoja jua lichomoze, kisha urudi kuwatazama saa tatu au saa nne. Kuku aliyesumbuliwa na baridi atakuwa ameshuka kwenye jua, anachakura na kula. Kuku mgonjwa atakuwa pale pale, macho amefumba, mabawa yameshuka. Mkamate. Je, anahara kijani? Anapumua kwa shida, mdomo wazi? Shingo imepinda, au anazunguka mahali pamoja? Halafu mtazame yule aliyepukutika manyoya. Macho yake ni maangavu, anakula, na kwenye ngozi utaona ncha za manyoya mapya.

Hesabu pia. Kuku hawabadilishi manyoya na kufa. Wakifa wawili leo na watatu kesho, usiseme baridi. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Usiwapeleke waliobaki mnadani, maana tenga moja la kuku wagonjwa huweza kumaliza kuku wa vijiji kadhaa. Waliokufa wachomwe au wafukiwe chini sana, mbwa wasiwafikie.

Mdondo hauna dawa ya kuuponya. Una chanjo. Chanjo iitwayo I-2 hutengenezwa hapa nchini, Kibaha, na huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani, ingawa haipaswi kuachwa juani. Kuku hudondoshewa tone moja katika jicho moja, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wachanjwe wakiwa wazima, kabla ugonjwa haujafika. Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wakichanga, gharama ya kila mmoja huwa ndogo. Na ni lazima majirani wawe pamoja, kwa sababu kuku wako na wa jirani huchakura jalala moja.

Neno moja kuhusu mvua. Wako wazee wasemao kwamba kuku akijipaka mafuta kwa mdomo, mvua inakuja. Ni kweli kuku ana tezi ya mafuta karibu na mkia, na hujipaka ili maji yasimwingie. Lakini hufanya hivyo karibu kila siku, hata Agosti. Mimi nisingepanda mahindi kwa kumfuata kuku, hasa miaka hii ambayo watu wengi wanalalamika kwamba mvua haifuati tena kalenda ya zamani. Kabla ya mvua za Novemba hadi Aprili, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, nao husomwa redioni. Sikiliza huo, kisha ongea na bwana shamba.

Zungumzeni katika kisomo chenu:

Kuku wa kijiji chenu huacha kutaga mwezi gani? Je, kila nyumba hujibu sawa?

Kuku walipokufa wengi mara ya mwisho, waliobaki walipelekwa wapi?

Nani katika kijiji chenu anaweza kuagiza chanjo, na ni nyumba ngapi zitachanga?