Ubao wa Kusawazishia Udongo Kabla ya Kutandika Nyasi

Wanafunzi wenzangu, katika makala haya nataka kueleza jinsi ya kutengeneza chombo cha kusawazishia udongo kabla ya kutandika nyasi. Nimechagua jambo hili kwa sababu uwanja mdogo ulio kati ya bweni letu na jiko hauna nyasi, na kila masika maji hukimbilia ukutani badala ya kuukimbia ukuta. Udongo uliofunika msingi wa bweni umekwisha chukuliwa, na mawe ya msingi yaonekana wazi. Mtu asidhani kwamba nyasi peke yake zitatuponya. Zikitandikwa juu ya mashimo, mashimo yatabaki vile vile chini yake, na maji yatasimama humo na kuzaa mbu. Hata nyasi bandia, kama zile zilizowekwa katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, hazifai kutandikwa juu ya ardhi isiyo sawa.

Kwanza tujue twapambana na nini. Bukoba hupata mvua ya kadiri ya milimita 2000 kwa mwaka, na Dodoma haipati hata milimita 700. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi fikiria bonde dogo uwanjani lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 10, na kina chake ni sentimita 2 tu. Jicho haliwezi kuliona, lakini linashika lita 2000, yaani ndoo 100 za lita 20. Ndiyo maana kazi hii haifanywi kwa kukisia.

Jambo la pili, uwanja mzuri si uwanja ulio kama uso wa meza. Uso wa meza huacha maji yasimame. Twataka ardhi isiyo na mashimo wala vilima, lakini iinamie upande mmoja. Kwa kiwanja cha mpira yatosha ishuke kama sentimita 1 kwa kila mita moja. Karibu na nyumba yafaa ishuke sentimita 2 kwa kila mita, tena iinamie mbali na ukuta. Kwa hiyo tunahitaji vyombo viwili: kimoja cha kupimia na kimoja cha kukokota.

Chombo cha kupimia ni mpira mwembamba wa plastiki unaopenya mwanga, kama ule watumiao mafundi waashi. Uwanja wetu una upana wa mita 12, basi mpira wa mita 15 watosha. Jaza maji polepole mpaka yabaki kama nusu mita kila mwisho, na hakikisha hakuna povu la hewa ndani, maana povu hudanganya. Tumejifunza darasani kwamba maji yaliyoungana hukaa katika usawa mmoja, ijapokuwa mpira umepinda njiani.

Chomeka mambo mawili, moja karibu na ukuta na jingine mita 12 mbali. Shikilia miisho ya mpira kwenye mambo hayo, subiri maji yatulie, kisha weka alama penye maji katika kila mambo. Alama hizo mbili zina usawa mmoja. Sasa, katika mambo la mbali, shuka chini ya alama sentimita 24, kwa kuwa 12 mara 2 ni 24. Funga kamba toka alama ya ukutani hadi hapo, na uikaze sana. Kamba hiyo ndiyo mfano wa uwanja wako. Ukitaka kujua kama udongo uko sawa, pima toka kamba hadi chini. Kama karibu na ukuta ni sentimita 40, basi kila mahali chini ya kamba pawe sentimita 40. Rudia kamba kama hiyo kila baada ya mita 3.

Sasa nieleze ubao wenyewe. Tafuta mbao mbili za mbili kwa nne, kila moja na urefu wa mita 2. Mkaratusi au msonobari wafaa, na miti hiyo hupatikana huku kwetu Bukoba na Muleba. Zisimamishe kwa ubavu wake mwembamba, moja mbele na moja nyuma, ziachane sentimita 60. Ziunganishe kwa vipande vitatu vya mbao, viwili pembeni na kimoja katikati, ukitumia misumari ya inchi 4. Chini ya ubao wa mbele pigilia ukanda wa chuma chakavu ili usilike upesi na mawe. Toboa matundu mawili katika ubao wa mbele, kila moja sentimita 40 toka mwisho, ufunge kamba ya katani ya kuvutia. Juu yake weka mfuko wa mchanga wa kilo 20.

Ubao wa mbele hukata kilima na kuusukuma udongo. Udongo huo huangukia kwenye shimo linalofuata. Ubao wa nyuma hupita na kulainisha. Siri yake ni urefu. Jembe na reki ni vifupi, hivyo hupanda kilima na kushuka shimoni pamoja na ardhi, na kuacha mawimbi. Chombo kirefu kuliko shimo hulivuka, kwa hiyo hulijaza.

Kabla ya kukokota, limeni udongo kina cha sentimita 10 na kuokota mawe na mizizi. Penye kuchimbwa sana, udongo mweusi wa juu uwekwe kando ili urudishwe mwishoni, maana ndio wenye rutuba. Msifanye kazi hii mara baada ya mvua. Finyanga udongo mkononi: ukishikamana, kisha ukavunjika kwa kuguswa kidole, wakati umefika. Ukinata kama ugali, ngojeni. Watu wawili wavute kwa urefu wa uwanja, kisha kwa upana, kisha toka pembe hadi pembe. Halafu watu wapange mstari na kukanyaga kwa visigino, maji yamwagwe, na uwanja uachwe juma moja. Pale palipodidimia patajitokeza. Kokoteni tena bila mfuko wa mchanga.

Mwisho wa yote, udongo uwe chini ya ukingo wa njia kwa sentimita 3, kwa sababu pande la nyasi lina unene kama huo. Mapande ya ukoka yapangwe kukingama mteremko, na viungo vyake vipishane kama matofali, ili maji yasipate mfereji wa kupita. Nayo nyasi zisichunwe ovyo kwenye rweya. Wazee wetu walikata majani ya rweya ili kuezeka msonge na kutandaza katika kibanja, lakini mizizi waliiacha ardhini. Sisi tunaochukua na mizizi yatupasa kuchukua ukanda mmoja na kuacha mwingine, ili kidonda kifunike. Tusiponye uwanja wetu kwa kuujeruhi mlima wa jirani.

Katika kazi hii vya kununua ni mpira, kamba na misumari tu. Mbao, chuma na mchanga havikosekani shuleni. Yafaa ianze mwishoni mwa kiangazi, nyasi zitandikwe mvua za vuli zinapoanza, ili mizizi ishike kabla ya masika makubwa. Nasi wa kidato cha nne, ambao tutaondoka, tuwaachie wadogo zetu ubao huu pamoja na maarifa ya kuutumia. Bweni ni la wao watakaolala humo baada yetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne