Shingo Inayotazama Kushoto Asubuhi Hadi Usiku

Msomaji mmoja wa Mibirizi, wilayani Rusizi, anaomba ushauri kuhusu mkono wake wa kushoto. Ana miaka 34. Mchana anashika hesabu za chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Jioni anapiga gita la rithimu kwenye kwaya, na Jumamosi moja moja huitwa kupiga harusini mjini Kamembe. Miezi miwili iliyopita alinunua skrini pana iliyotumika, inchi 34, akaiweka juu ya meza ya chakula. Tangu hapo shingo inakaza upande wa kushoto, bega la kulia linauma ikifika saa tisa alasiri, na usiku anaamshwa na ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati cha mkono wa kushoto. Huukung'uta mkono kama anayekausha maji, kisha analala tena. Ana harusi baada ya wiki tatu. Anauliza kama skrini ndiyo mbaya wake, na kama aiuze.

Asiiuze bado.

Mibirizi ni mahali ambapo mtu akisema mkono unauma, jirani humuuliza amelima wapi. Misheni ya Wakatoliki ilianzishwa hapo mwaka 1903, na jina la Mibirizi limebaki kwenye aina moja ya kahawa ya arabika inayolimwa Rwanda hadi leo. Kazi ya kukaa haihesabiwi kuwa kazi ya kuumiza. Bernardino Ramazzini, daktari wa Kiitalia aliyeandika kuhusu maradhi ya wafanyakazi mwanzoni mwa karne ya 18, aliona vingine. Aliwaeleza makarani wanaokaa kutwa, wakirudia mwendo uleule mdogo wa mkono, akili imekazwa isikosee tarakimu. Alimtaja mmoja aliyemfahamu ambaye mkono wa kulia ulimshinda kwa kuandika; akajifunza kuandika kwa wa kushoto, nao ukafuata njia ileile.

Karani anayepiga gita naye si mtu mpya katika ukanda huu. Mpiga gita wa Kongo, Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, mwaka 1952, aliwahi kufanya kazi benki. Mtindo wake wa kudona nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada ulienea hadi Nairobi na nje ya Afrika. Tofauti ni kwamba karani wa siku zile aliinuka kufuata jalada kabatini. Wa leo kila jalada liko mbele yake, kwenye kioo chenye upana wa karibu sentimita 80.

Upana huo ndio wa kuanza nao. Msomaji anaeleza kwamba jedwali la hesabu huliweka upande wa kushoto wa skrini, na video za nyimbo anazojifunza huziweka kulia. Anakaa karibu, kama sentimita 55 kutoka kwenye kioo, kwa sababu meza ni nyembamba. Katika umbali huo, kutazama katikati ya theluthi ya kushoto ni kugeuza uso takriban digrii 25. Si nyingi kwa dakika moja. Kwa saa sita ni nyingi. Kisha jioni inafika, anachukua gita. Mpiga gita anayetumia mkono wa kulia kugonga nyuzi huwa na shingo ya gita upande wake wa kushoto, na macho hufuata vidole. Kwa hiyo huyu bwana anatazama kushoto ofisini, anatazama kushoto mazoezini, na akipumzika, pengine hutazama televisheni akiwa ameegemea upande huohuo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi, sawa na rimu mbili za karatasi za A4. Misuli ya shingo inazishikilia rimu hizo zikiwa zimegeuzwa upande mmoja tangu saa mbili asubuhi.

Dawa ya hapa haina gharama. Dirisha la kazi inayotazamwa zaidi likae katikati kabisa, mkabala na pua, na kibodi nayo ikae hapo. Pembeni vibaki vitu vya kuchunguliwa mara moja moja: barua pepe, kikokotoo, hiyo video. Skrini isogezwe nyuma hadi sentimita 75 au 85, yaani mkono ukinyooshwa vidole vikose kioo kidogo. Meza ikiwa nyembamba, isogezwe mbali na ukuta na skrini isimamishwe kwenye kiti au rafu nyuma yake. Maandishi yakionekana madogo, yakuzwe. Mtu asivute shingo mbele kama kobe. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Rimu moja ya karatasi huinua skrini sentimita tano, na ofisi ya ushirika haikosi rimu. Anayevaa miwani ya sehemu mbili, ya kusomea chini na ya kuonea mbali juu, aishushe skrini zaidi, la sivyo ataishia kuinua kidevu siku nzima.

Kuhusu mwanga, Rwanda iko karibu sana na ikweta, hivyo jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi pasipo kuhama sana mwaka mzima. Dirisha linaloelekea milima ya Kongo litamwaga jua kwenye kioo kila alasiri. Skrini isilipe dirisha uso wala mgongo, ikae ubavu. Na kwa kuwa macho yanayokodolea skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, yakakauka na kuwasha, kila baada ya dakika 20 ayainue atazame mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20. Mwenye vilima vya Rusizi dirishani hana shida ya kutafuta cha kutazama.

Bega la kulia lina kesi yake. Kibodi ya msomaji ina safu ya tarakimu upande wa kulia, na kipanya kimesukumwa mbali zaidi ya hapo. Kila anapokifuata, mkono unanyooka kwenda nje na bega linabaki limeinuliwa. Meza za chakula nazo nyingi zina kimo cha sentimita 75 hivi, na kiti cha plastiki ni kifupi kwake. Akae juu ya mto hadi viwiko viwe usawa wa meza, na miguu ikining'inia aweke tofali chini. Kipanya kiletwe karibu na ubavu. Wahasibu wengine hukihamishia mkono wa kushoto na kuacha tarakimu kwa wa kulia. Inachukua wiki kuzoea. Ila yeye asijaribu hivyo kwa sasa, kwa sababu mkono wa kushoto ndio mgonjwa.

Sasa hiyo ganzi. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, chini yake mifupa na juu yake utepe mgumu. Humo hupita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, ule unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Njia haitanuki. Kano zikivimba au kifundo kikikunjwa muda mrefu, anayebanwa ni mshipa. Dalili zake ndizo hizi alizoziandika: ganzi inayoamsha mtu usiku na kupungua akikung'uta mkono. Kidole cha mwisho husalimika, kwa kuwa kinahudumiwa na mshipa mwingine unaopita nyuma ya kiwiko. Mwenye ganzi kwenye kidole hicho achunguze kwanza anavyoegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza.

Kuna jaribio rahisi. Migongo ya viganja igusanishwe, vidole vikitazama chini, vifundo vimekunjwa, kwa dakika moja. Mchomo kama wa sindano ukitokea kwenye vidole vile vile, shaka inaongezeka. Halithibitishi, kwa kuwa mshipa uliobanwa shingoni huweza kuleta ganzi ya kidole gumba na cha shahada pia, na huyu ana shingo inayouma. Ndiyo maana anahitaji kuonwa. Mwenye mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, huanzia kituo cha afya, na ikibidi hupewa rufaa ya hospitali ya wilaya, akaonwe na mtaalamu wa tiba ya viungo. Apimwe na sukari, maana kisukari huongeza uwezekano wa tatizo hili, kama vile ujauzito na upungufu wa homoni za tezi ya shingo. Asisubiri harusi ipite ikiwa ganzi haitoki hata mchana, ikiwa vitu vinamdondoka, au nyama ya chini ya kidole gumba imeanza kubonyea. Ganzi ikishuka pia miguuni, aende siku hiyohiyo.

Wakati huo huo, usiku avae kifaa cha kushikilia kifundo kikae kimenyooka bila kukunjika. Wengi hulala wamekunja mikono kama watoto wachanga pasipo kujua. Nafuu mara nyingi huja baada ya wiki kadhaa, si kesho yake.

Kisha gita lenyewe. Akikaa, hulilaza kwenye paja la kulia, shingo ya gita ikiinama. Akisimama, mkanda ni mrefu na gita linaning'inia kiunoni kama la vijana wa kwenye video. Hali zote mbili humlazimisha kukunja kifundo cha kushoto ili vidole vifike kwenye nyuzi nene. Wapiga gita la klasiki hulipandisha kwenye paja la kushoto na kuinua mguu huo juu ya kigoda. Shingo ya gita inapanda, kifundo kinanyooka. Mkanda upunguzwe hadi gita likae kimo kilekile, akikaa au akisimama. Inapunguza mbwembwe, lakini kwaya haitamlaumu.

Nyuzi nazo zinadai nguvu. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma kwenye gita kavu huvuta jumla ya kilo 70 hivi. Zikilegezwa nusu sauti, mvuto unapungua kwa karibu asilimia 11, na kile kibanio ambacho wapigaji hukiita kapo kikiwekwa kwenye freti ya kwanza, wimbo unarudi kwenye ufunguo wake huku vidole vikiendelea kufaidi ulegevu. Nyuzi nyembamba zaidi zinasaidia pia. Kama nyuzi zimepaa juu ya shingo kiasi cha kuingiza penseli katikati ya uzi na mbao, fundi alitazame gita kabla daktari hajautazama mkono.

Jambo ambalo wengi hukosea ni ratiba. Msomaji anasema kwa kawaida hupiga saa tatu kwa wiki, na harusi itamtaka saa nne kwa siku moja. Kwa hiyo amepanga kujifungia wiki ya mwisho afanye mazoezi hadi usiku. Kano haijengeki hivyo. Inajengeka polepole, na kinachoiumiza zaidi ni mzigo unaoruka ghafla. Mpiga piano wa Marekani, Leon Fleisher, alipoona vidole vya mkono wa kulia vinaanza kumgomea miaka ya 1960, alizidisha mazoezi. Vidole viwili vikajikunja vyenyewe, na kwa miongo kadhaa akapiga zaidi nyimbo za mkono wa kushoto peke yake. Maradhi yake yalikuwa mengine, ya ubongo unavyoamrisha misuli, na ya msomaji wetu si hayo. Lakini haraka aliyoifanya inafanana.

Wiki hii apige nusu saa kwa siku, mara mbili za robo saa. Wiki ya pili asogee hadi dakika 45 au saa moja, akipumzika kila baada ya dakika 20. Wiki ya tatu apige orodha yote ya nyimbo mara moja tu, siku nne kabla ya harusi, kisha apunguze. Ganzi ikiongezeka, arudi hatua moja nyuma. Nyimbo mpya nyingi anaweza kuzijua bila gita: asikilize, ahesabu mapigo, aandike kodi za gita. Na saa za kibodi zihesabiwe kwenye mzigo uleule, kwani kano zilizoandika marejesho ya wakulima mchana ndizo zitakazobana kodi ya F jioni. Ijumaa ya mwisho si siku ya kufunga hesabu za mwezi.

Diklofenaki ya kumeza kabla ya kupanda jukwaani isiwe sehemu ya mpango. Inaficha maumivu yanayoonya, na ikizoeleka huchubua tumbo na kuumiza figo.

Siku yenyewe mtu mwingine abebe amplifaya. Mkono uliotoka kuning'iniza kilo 15 kutoka kwenye pikipiki hadi ukumbini hauwezi kubana nyuzi vizuri. Asikae mbele ya spika. Desibeli 85 huvumilika saa nane, lakini kila zikiongezeka tatu muda salama hukatika nusu, hivyo kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Pamba masikioni haifanyi kitu cha maana. Vizibo vya sifongo vinafanya. Na kwa kuwa macho yake yatakuwa kwenye shingo ya gita, kushoto tena, amwombe kiongozi wa kwaya asimame upande wake wa kulia. Kila anapotafuta ishara ya kuingia kwenye kiitikio, shingo itageukia huko.