Kwa Nini Wavunje Bawa Zima?

Muhula huu tulibishana sana bwenini. Mimi nalishika kwamba siku hizi kompyuta yaweza kukadiria nguvu za bawa la ndege, basi ya nini kuharibu bawa zima la fedha nyingi? Mwenzangu wa kitanda cha juu alikataa katakata. Nikaenda maktaba kutafuta ushahidi wa kumnyamazisha.

Sheria yataka bawa listahimili, kwa sekunde 3, mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotazamiwa safarini. Mwezi wa Februari 2006, huko Toulouse, Ufaransa, mafundi wa Airbus waliyavuta mabawa ya A380 kwenda juu kwa mitambo. Hesabu za kompyuta zilisema yatafika 1.5. Ncha ilipinda zaidi ya mita 7, kisha bawa likavunjika kati ya injini mbili, mzigo ukiwa mara 1.45 hivi. Upungufu mdogo, lakini sheria ni sheria. Kumbe kompyuta hulipima bawa ililoelezwa, si lile lililoundwa karakanani.

Hata hivyo sikushindwa kabisa. Hawakuvunja bawa la pili. Walitumia vipimo vya lile lililovunjika kusahihisha hesabu, wakaongeza vyuma vya kilo 30 hivi, na Desemba 2006 ndege ikapewa hati yake.

Tena, majaribio ya mkono nayo hudanganya! Mwaka 1954 ndege mbili za Comet zilipasukia angani karibu na Italia, wasafiri wote wakafa. Huko Farnborough, Uingereza, wataalamu wakatumbukiza mwili mzima wa Comet katika tangi la maji, wakawa wakiijaza na kuipunguza maji ndani kama kwamba yapanda na kushuka. (Maji hayabanwi kama hewa, hivyo mwili ukipasuka haulipuki.) Ukapasuka baada ya safari 3,057, pamoja na 1,221 ilizoruka kweli. Lakini watengenezaji walikuwa wamekwisha kujaribu kipande cha mwili kama huo, nacho kilistahimili zaidi ya mara 16,000! Sababu ni kwamba kipande kile kilikwisha kubanwa kwa nguvu maradufu kabla ya jaribio, na pembe za madirisha yake zikapata ugumu ambao ndege za abiria hazikuwa nao.

Nilipomsomea haya, mwenzangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: je, kompyuta ingaliugundua ugumu ule kama hakuna aliyeiambia? Sikuwa na jibu. Swali tumempelekea mwalimu wa fizikia.