Somo la Hesabu: Tarakimu Zilizofutika

Watu wengi hudhani ya kuwa tarakimu ikifutika katika hati imepotea kabisa. Sivyo. Mara nyingi tarakimu zilizobaki huweza kuishuhudia ile isiyoonekana, ikiwa mtu ajua namna ya kuziuliza.

Tuchukue mfano wa mama mmoja akaaye Section 58, mjini Nakuru, mwenye shamba la viazi huko Molo. Amemwuzia mfanyabiashara magunia 45, yote kwa bei moja ya shilingi kamili pasipo senti, naye atalipwa mwisho wa mwezi. Mvua ikailowesha stakabadhi, na jumla ikabaki hivi: Sh. *9,75*. Kila nyota ni tarakimu moja iliyofutika. Mnunuzi asema kwamba akumbukavyo yeye deni ni Sh. 49,750. Mama hakumbuki bei, ila ajua kwamba hakukubali chini ya shilingi 1,000 kwa gunia.

Mwanawe akamwambia, “Mama, usikubali wala usikatae. Tupige hesabu kwanza.”

Hatua ya kwanza. 45 ni 5 mara 9. Basi jumla ya fedha hapana budi igawanyike kwa 5 na kwa 9 bila baki. Namba igawanyikayo kwa 5 huishia 0 au 5. Kwa hiyo nyota ya mwisho ni mojawapo ya hizo mbili.

Hatua ya pili. Namba ikigawanyika kwa 9, jumla ya tarakimu zake pia hugawanyika kwa 9. Sababu yake ni nyepesi: 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1, 1,000 ni 999 na 1. Kila kumi, kila mia na kila elfu huacha baki ya 1. Hivyo 700 huacha 7, na 50 huacha 5. Yaani kila tarakimu hujiacha yenyewe.

Sasa tujaribu. Mwisho ukiwa 0, tarakimu zijulikanazo ni 9, 7, 5 na 0, jumla 21. Ili kufika 27 twahitaji 6: Sh. 69,750. Mwisho ukiwa 5, jumla ni 26, nasi twahitaji 1: Sh. 19,755. Hakuna jibu la tatu.

Je, 49,750? Tarakimu zake zikijumlishwa ni 25, nayo haigawanyiki kwa 9. Mnunuzi amekosea, kwa kusahau au kwa kusudi.

Zimebaki mbili. Gawanya 19,755 kwa 45, utapata Sh. 439 kwa gunia. Mama alikwisha kusema hakushuka chini ya 1,000. Gawanya 69,750, utapata Sh. 1,550 kamili. Hilo ndilo deni, nalo lapita la mnunuzi kwa Sh. 20,000.

Angalieni, wasomaji: hesabu peke yake ilituachia njia mbili, na kumbukumbu peke yake haikutosha. Zilipokutana, haki ikaonekana. Hata hivyo, ni heri kuandika nakala mbili na kuziweka mahali pakavu.

Zoezi: Debe 9 za maharagwe, zote kwa bei moja ya shilingi kamili, zimeuzwa kwa Sh. 1*,480. Tafuta tarakimu iliyofutika na bei ya debe moja.

(Jibu: 5, Sh. 1,720.)